Maziwa ya ngamia kwa mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe: lipi la kununua, lipi la kuacha

Maziwa ya ngamia yamekosa kitu kimoja ambacho kimo kwenye maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo: beta-laktoglobulini. Hiyo ni protini inayochukua karibu nusu ya protini zote za maji ya maziwa ya ng'ombe, yale maji ya rangi ya kijani-manjano yanayobaki maziwa yakishaganda, na ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya mzio kwa watoto wadogo. Kwa hiyo mzazi anayesimama mbele ya friji ya duka Eastleigh au South C, Nairobi, na kulipa mara mbili au zaidi ya bei ya pakiti ya kawaida, analipia tofauti ya kweli. Yanabaki maswali mawili: tofauti hiyo inamfaa nani hasa, na je, imo kweli kwenye chupa aliyoishika?

Tumeyapima maziwa haya kwa macho ya mtu mwenye mzio, kwa sababu huyo ndiye anayeumia muuzaji akikosea. Bidhaa tunazozilinganisha ni tano: pakiti ya maziwa ya ng'ombe, chupa ya maziwa ya ngamia yaliyosindikwa kwa joto, maziwa ya ngamia ya unga, maziwa mabichi ya ngamia ya kwenye mtungi, na susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka.

Kilichomo ndani

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 32 hadi 34 hivi za protini. Sehemu nne kati ya tano ni kaseini, protini zile zinazoshikamana maziwa yakichacha au yakitiwa kigandishi cha jibini. Zinazobaki huelea kwenye maji ya maziwa, na humo beta-laktoglobulini ni kama gramu 3 kwa lita, alfa-laktalbumini kama gramu 1.2. Kwa ngamia, jumla haipishani sana: mara nyingi ni karibu gramu 30 kwa lita, ikipanda na kushuka kwa msimu, malisho na maji anayopata mnyama. Kinachobadilika ni mpangilio. Kwenye maji ya maziwa yake inatawala alfa-laktalbumini, ikifuatwa na albumini ya damu, laktoferini, kingamwili na protini nyingine ndogondogo.

Maziwa ya mama nayo hayatengenezi beta-laktoglobulini, na hapo ndipo unapotoka ule usemi wa wauzaji kwamba maziwa ya ngamia ni ndugu wa maziwa ya mama. Kwa kipengele hicho wanasema kweli. Lakini maziwa ya mama yana protini kama gramu 10 tu kwa lita, theluthi moja ya zile za ngamia, na kwa figo za mtoto mchanga pengo hilo ni kubwa. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi: mtoto anayenyonya tu anaweza kuonyesha mzio wa maziwa ya ng'ombe kabla hajayaonja, kwa kuwa chembe za beta-laktoglobulini za chai ya maziwa aliyokunywa mama hupenya hadi kwenye maziwa yake. Mtoto wa namna hiyo hakatazwi kunyonya. Mama ndiye anayeacha maziwa ya ng'ombe kwa muda, kwa ushauri wa daktari.

Kwenye kaseini tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kaseini ziko za aina nne: alfa-s1, alfa-s2, beta na kapa. Ya ng'ombe ina takriban asilimia 38 ya alfa-s1, asilimia 10 ya alfa-s2, beta inayokaribia kuwa sawa na alfa-s1, na asilimia 13 hivi ya kapa. Kwa ngamia, vipimo vinavyotajwa zaidi ni alfa-s1 asilimia 22, alfa-s2 asilimia 9.5, beta asilimia 65 na kapa asilimia 3.5 tu. Nambari hizi zina maana mbili. Kwanza, kaseini ndiyo inayohusishwa zaidi na mzio sugu, ule ambao mtoto hauachi hata akifika umri wa shule, na alfa-s1 imo katika mstari wa mbele. Pili, ule uchache wa kapa ndio unaoamua karibu kila kitu kitakachotokea jikoni, na tutaufikia.

Hata hivyo asilimia pekee hazitoshi kueleza kwa nini mwili wenye mzio huweza kuyapokea maziwa ya ngamia. Protini mbili zinaweza kuitwa jina moja huku zikiwa zimejengwa tofauti. Kaseini za mbuzi na ng'ombe hufanana kwa karibu asilimia 90 katika mfuatano wa asidi amino zake. Kaseini za ngamia na ng'ombe hufanana kwa kati ya asilimia 40 na 70, kutegemea ni kaseini ipi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na nyati ni ukoo mmoja wa wanyama; ngamia yuko kwenye ukoo wake, pamoja na lama wa Amerika Kusini. Kingamwili za aina ya IgE, ambazo ndizo zinazowasha mzio wa papo hapo, huitambua protini kwa vipande vya umbo lake. Vipande vikibadilika vya kutosha, kingamwili hazishiki.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa mitaani kwamba mtoto akikataa maziwa ya ng'ombe apewe ya mbuzi ni ushauri mbaya, na tunauita mbaya bila kusita. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe wataathirika na ya mbuzi; katika baadhi ya tafiti ni zaidi ya tisa kati ya kumi. Utafiti wa Kiitaliano wa 1999 ulipima damu za watoto wenye mzio huo ukakuta IgE zao zinayashika maziwa ya mbuzi, kondoo na nyati, lakini haziyashiki ya ngamia. Madaktari wa Qatar walichapisha 2011 matokeo ya watoto 38 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe waliopimwa kwa kuchomwa ngozi: 24 walionyesha mzio wa maziwa ya mbuzi, na saba wa maziwa ya ngamia.

Hao saba wasisahauliwe. Ni karibu mtoto mmoja kati ya watano. Pia kuna taarifa za kitabibu za watu waliopata mshtuko wa mzio kwa maziwa ya ngamia yenyewe. Kwa hiyo yeyote anayeandika kwenye chupa kwamba maziwa ya ngamia "hayana mzio" anadanganya. Yana vichochezi vichache vinavyofanana na vya ng'ombe, basi.

Mzio si tumbo kujaa gesi

Wateja wengi wa maziwa ya ngamia hawana mzio wowote. Wana tumbo lisilopatana na laktosi, sukari ya maziwa: wakinywa glasi moja, baada ya nusu saa hadi saa chache tumbo linajaa, linanguruma, na kuhara kunafuata. Hakuna vipele, hakuna midomo kuvimba, hakuna kifua kubana. Hapo protini haihusiki.

Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina kama gramu 12 za laktosi. Ya ngamia ina gramu 11 hadi 12. Wapo wanaosema ya ngamia hayawasumbui, na huenda mwili wao unaona hivyo kweli, lakini anayenunua kwa kuamini kwamba hayana laktosi ameuziwa jambo lisilokuwepo. Kwa mtu huyo, maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa laktosi, au mtindi ambao bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo, yatamfaa zaidi kwa bei nafuu. Wengi wa jamii za wafugaji hawana tatizo hili hata kidogo. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba Kenya na Tanzania kuna badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kuendelea kuisaga laktosi, tofauti na lile la Wazungu. Na Waarabu wa rasi ya Arabuni wana lao jingine.

Kuna aina ya tatu inayochanganya hata wahudumu wa afya: mzio wa maziwa usiopitia IgE. Mtoto anatoka damu kidogo kwenye choo, au anatapika sana saa mbili tatu baada ya kunywa, na vipimo vya ngozi na damu havionyeshi kitu. Tafiti nilizozitaja zilipima IgE na vipimo vya ngozi. Hazimhusu mtoto huyu. Asibadilishiwe maziwa kwa kusoma makala, ikiwemo hii.

Tano mezani

Pakiti ya maziwa ya ng'ombe. Kwa asiye na mzio, hii ndiyo bidhaa bora kwa pesa yake: inapatikana kila duka, imesindikwa, protini ni kamili na kalsiamu ipo ya kutosha. Kwa mwenye mzio wa IgE, hakuna namna ya kuitengeneza jikoni ikawa salama. Kuchemsha hudhoofisha beta-laktoglobulini, kwa kuwa umbo lake huanza kufunguka joto likipita nyuzi 70 hivi, lakini kaseini hustahimili kuchemshwa. Kugandisha mtindi au mala hakuondoi chochote. Katika utafiti wa New York wa 2008, karibu watoto watatu kati ya wanne wenye mzio waliweza kula keki ndogo zenye maziwa zilizookwa kwa nusu saa kwenye oveni ya joto kali. Hilo ni jambo jingine kabisa, hupimwa hospitalini, na mandazi yaliyokaangwa dakika chache hayaingii humo.

Chupa ya ngamia iliyosindikwa kwa joto. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye mzio aliyekwisha kupimwa. Joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa, linaua vijidudu vya brusela na virusi vya MERS (ugonjwa wa njia ya hewa), maradhi tutakayoyaeleza kwenye mtungi, bila kuharibu sana ladha. Kwenye chupa tafuta mambo manne: maandishi kwamba ni maziwa ya ngamia asilimia 100, alama ya shirika la viwango (KEBS kwa Kenya), tarehe ya kusindikwa pamoja na ya mwisho, na jina la kiwanda. Kisha uliza swali ambalo halijaandikwa popote: je, kiwanda hicho husindika pia maziwa ya ng'ombe kwenye mashine hizohizo? Jibu likiwa ndiyo, uliza wanasafisha vipi kati ya moja na jingine. Muuzaji asiyeweza kupata jibu hilo si wa kumwamini kwa mtoto aliyewahi kupata mshtuko wa mzio.

Usitarajie kuikuta kirahisi kwenye boksi la kukaa miezi kabatini. Ukosefu wa beta-laktoglobulini na uchache wa kapa-kaseini huyafanya maziwa ya ngamia yasistahimili joto la nyuzi 120 hadi 140. Hujikata na kuacha mashapo. Ukiona boksi la namna hiyo, soma orodha ya vilivyomo mpaka mwisho, uone kama limeongezwa vidhibiti au, mbaya zaidi, protini za maziwa ya ng'ombe.

Maziwa ya unga. Dubai kuna kampuni inayouza kwa jina la Camelicious tangu 2006, na Waswahili wa Oman na Falme za Kiarabu wanayapata maziwa ya ngamia dukani kwa urahisi kuliko sisi wa Afrika Mashariki. Unga huvumilia safari na hauhitaji friji kabla ya kufunguliwa. Gramu 25 hivi kwa mililita 200 za maji ya uvuguvugu hurudisha uzito wa kawaida wa maziwa, ingawa kipimo cha kwenye kopo ndicho cha kufuata. Protini ni zilezile, mzio ni uleule: aliyeathirika na ya majimaji ataathirika na unga. Jihadhari na mchanganyiko wenye ladha ya kakao, vanila au tende, kwa kuwa huko ndiko protini za maji ya maziwa ya ng'ombe huongezwa ili kinywaji kiwe kizito.

Mtungi. Hapa pana mengi ya kusema, maana ndiko maziwa mengi ya ngamia ya Kenya yanakopitia. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni nne nchini, na kutoka Isiolo, Garissa, Wajir na Marsabit maziwa husafirishwa hadi mijini ndani ya mitungi ya plastiki, mara nyingi iliyofukizwa moshi wa kuni maalumu. Moshi huo hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ile harufu ambayo mnywaji mzoefu huitafuta. Vikundi vya wanawake kama Anolei wa Isiolo wamefanya kazi kubwa ya kukusanya, kupoza na kufikisha maziwa Nairobi, na wanastahili wateja. Isitoshe, maziwa ya ngamia huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe.

Lakini kwa mwenye mzio, mtungi haufai. Sababu ya kwanza ni kuchanganywa. Kiangazi kikikaza, maziwa ya ngamia hupungua na bei hupanda, na mchuuzi wa mwisho huona ya ng'ombe ni ya bei nusu. Fanya hesabu. Maziwa yaliyotiwa sehemu moja ya ng'ombe kwa tisa za ngamia, ukinywa mililita 100, umekunywa mililita 10 za maziwa ya ng'ombe: zaidi ya miligramu 300 za protini yake, ndani yake miligramu 30 za beta-laktoglobulini. Wapo watoto wanaoathirika kwa chini ya mililita moja. Na si lazima mtu awe na nia mbaya. Mtungi wa lita 10 uliobaki na robo lita ya maziwa ya ng'ombe ya jana, ukajazwa ya ngamia, utaweka mililita 5 za ng'ombe katika kila kikombe cha mililita 200.

Njia za nyumbani za kukagua zipo, na zinafaa kujulikana pamoja na mipaka yake. Maziwa ya ngamia ni meupe sana, hayana ile rangi ya manjano ya mafuta ya ng'ombe. Yakilazwa kwenye friji usiku kucha, ya ng'ombe mabichi huweka tabaka la malai juu. Ya ngamia karibu hayaweki, kwa kuwa chembe zake za mafuta ni ndogo na hazishikani haraka. Kipimo kizuri zaidi ni kigandishi cha jibini kinachotokana na ndama: pasha maziwa hadi nyuzi 35, tia kigandishi kwa kipimo cha pakiti, usiyatikise. Ya ng'ombe hushika donge imara kwa dakika 10 hadi 30. Ya ngamia hukawia mno, na yakishika huwa mapande laini yanayoelea. Ukiona donge la kukatwa kwa kisu, umeuziwa ng'ombe. Njia hizi hunasa mchanganyiko mkubwa, wa nusu kwa nusu. Ile sehemu moja kwa kumi haionekani kwa jicho. Inahitaji kipimo cha maabara kinachoitafuta beta-laktoglobulini, na hapo ukosefu wake kwa ngamia unageuka msaada, maana ikionekana hata kidogo, maziwa ya mnyama mwingine, mara nyingi ng'ombe, yameingia.

Sababu ya pili ni maradhi. Brusela huwapata ngamia, na maziwa mabichi ni njia yake ya kumfikia mtu: homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo kuuma kwa wiki na miezi. Virusi vya MERS, vilivyotambuliwa Saudi Arabia 2012, hukaa kwa ngamia, na alama za kingamwili zake zimekutwa pia kwa ngamia wa Kenya. Shirika la Afya Duniani linawataka wenye kisukari, ugonjwa wa figo, mapafu sugu na kinga dhaifu waepuke maziwa mabichi ya ngamia. Angalia nani anayetajwa kwanza: mwenye kisukari, yuleyule anayeambiwa sokoni anywe mabichi ili yamtibu. Ukinunua ya mtungi, chemsha hadi yafoke, kila mara, hata muuzaji akiapa kwamba joto linaua "dawa".

Susa. Ni maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke kwa siku moja au mbili kwenye joto la kawaida, membamba, makali, yenye harufu ya moshi. Kwa mpenzi wake hakuna mfano. Kwa mwenye mzio, hatari ni zilezile za mtungi, pamoja na moja ya kipekee: ukitengeneza nyumbani kwa kutia kijiko cha mala ya ng'ombe kama chachu, umeshaingiza protini ya ng'ombe kwa mkono wako. Tumia chachu kavu ya mtindi, na usome pakiti yake, kwa kuwa nyingi hukuzwa kwenye maziwa ya ng'ombe. Chemsha maziwa kwanza, yapoe hadi uvuguvugu, ndipo utie. Yakiganda mazito kama mtindi wa dukani bila kutiwa unga wowote wa kuyashikisha, yatilie shaka.

Kumwanzishia mtoto

Chini ya mwaka mmoja, maziwa ya ngamia hayawi mbadala wa maziwa ya mama wala ya kopo, sawa na ya ng'ombe yasivyofaa kuwa kinywaji kikuu. Protini ni nyingi mno na virutubisho vingine havitoshi. Mtoto huyo akiwa na mzio hupewa maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimekatwakatwa vipande vidogo sana, au ya asidi amino tupu. Ni ghali, na inauma kuliandika hili tukijua bei yake, lakini ngamia hazibi pengo hilo.

Baada ya mwaka, mpangilio ni huu. Daktari wa mzio huchoma ngozi kwa tone la maziwa yaleyale ya ngamia unayokusudia kununua. Ngozi isipovimba, mtoto hunyweshwa hospitalini, akiwa mzima, bila homa wala pumu iliyoamka, na dawa za kuzuia mwasho zikiwa zimesimamishwa siku kadhaa kabla kwa maelekezo ya daktari. Kipimo huanza na mililita 0.1, kisha 0.3, 1, 3, 10, 30 na 100, kwa kupishana dakika 20 hadi 30. Kwa maziwa yenye gramu 3 za protini kwa mililita 100, hatua hizo ni sawa na kutoka miligramu 3 hadi gramu 3 za protini. Akimaliza hukaa chini ya uangalizi kama saa mbili. Adrenalini huwa tayari kando ya kitanda, ya kudungwa kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mwasho haviwezi kuifanya kazi yake. Kujaribu nyumbani kwa kumlambisha mtoto aliyewahi kubanwa kifua au kuzirai kwa maziwa ni kumweka kwenye hatari isiyo na sababu.

Akipita, shikamaneni na chapa moja. Kubadilisha chapa ni kubadilisha kiwanda, na kubadilisha kiwanda ni kubadilisha uwezekano wa kuchanganyika.

Madai mengine ya kwenye lebo

Laktoferini na lisozaimu ni protini zinazopambana na bakteria, na kwa kawaida maziwa ya ngamia huwa nazo nyingi kuliko ya ng'ombe. Vitamini C nayo ni mara mbili tatu zaidi, jambo lenye maana kwa mfugaji wa jangwani asiye na matunda. Kingamwili za ngamia ni za ajabu kweli: 1993 watafiti wa Brussels walieleza kwamba baadhi yake hazina ile minyororo myepesi iliyomo kwenye kingamwili za wanyama wengine, na ugunduzi huo umezaa dawa za kisasa. Lakini dawa hizo hutengenezwa maabara. Kingamwili unayoimeza kwenye kikombe hukutana na asidi ya tumbo na kusagwa kama protini nyingine.

Kuhusu kisukari, majaribio yanayotajwa zaidi yalifanyika Bikaner, India, ambako wagonjwa wa aina ya kwanza walipewa nusu lita ya maziwa ya ngamia kila siku pamoja na insulini yao, na baadhi wakahitaji insulini pungufu. Makundi yalikuwa madogo, na maziwa yalitolewa pamoja na insulini, si badala yake. Muuzaji anayemwambia mgonjwa aache sindano anahatarisha maisha yake.

Jikoni

Kwenye chai yanakubali vizuri: rangi inakuwa nyepesi, chumvi kidogo inasikika, na tangawizi na iliki huipokea. Kwa jibini ni vigumu. Kapa-kaseini ndiyo inayokatwa na kigandishi ili donge lishike, na ngamia anayo kidogo. Kigandishi cha ndama nacho humfanyia kazi vibaya. Kimeng'enya cha ngamia mwenyewe, ambacho siku hizi huzalishwa kiwandani Denmark, kimefungua njia, na Mauritania kiwanda cha Tiviski kilishatengeneza jibini lake zamani. Siagi hutoka kwa shida kwa sababu ileile ya malai kutopanda.

Chupa ikifunguliwa, iweke kwenye nyuzi 4 na uimalize ndani ya siku tatu. Ukigandisha, yakiyeyuka huonyesha chembechembe, yatikise, hayajaharibika. Mtoto mwenye mzio awe na sufuria yake, mwiko wake na kichujio chake cha chai. Kichujio ndicho kinachosahaulika, na nyuzi zake hushika maziwa ya ng'ombe hata baada ya kusuuzwa.